Merikani na Mnunuzi Mjuzi

Wageni walioandika habari za Unguja ya karne ya 19 walipenda kusimulia jinsi watu wa pwani na bara walivyochangamkia vitambaa vya ng'ambo, kana kwamba kuchangamkia ni kukurupuka. Historia ya merikani haikubali. Kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa, kizito na kigumu, kilifumwa Massachusetts, Marekani, na meli za bandari ya Salem zikakileta Unguja na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Lakini mkataba haumvishi mtu nguo. Waingereza walipoleta vitambaa vya kuigiza, wanunuzi waliendelea kuitaka merikani yenyewe, kwa kuwa ilistahimili kufuliwa na kuvaliwa.

Wapo watakaosema kwamba merikani haikupendwa kama nguo, bali ilishikwa kama fedha. Ni kweli kwamba bara ilihesabiwa kwa shuka na doti, vipimo vya kitambaa, na kwa hizo misafara ilitoa hongo kwa watemi na posho kwa wapagazi. Ila ingekuwaje fedha kama hakuna aliyetaka kuivaa? Tazama shanga, ambazo nazo zilitumika kama fedha. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliona kuwa kila sehemu ya njia ilikuwa na shanga yake: hapa samesame nyekundu, kule rangi nyingine kabisa. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa na mzigo tu mabegani, na njaa tumboni. Anayeamua rangi ndiye anayeongoza soko, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba doti hizo hizo zilinunua pembe, zikanunua na watu. Hilo silipunguzi hata chembe. Mnunuzi mjuzi si lazima awe mnunuzi mwema. Ninachokataa ni picha ya mtu aliyepumbazwa na kitambaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko la Salem. Jina halikuondoka na meli: kitambaa cha aina hiyo kiliendelea kuitwa merikani, hata kilipofumwa India.