Mutu akifia mu buloko, Leta inaandika nini?

Leo tuzungumuze historia ya karibu na kwetu. Upande wa balabala ya Likasi–Lubumbashi kuko Shilatembo. Pale njo Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Namna waliuawa, kila mutu amesikia ku masomo. Mimi nataka tuangalie kitu kingine: namna serikali ilitangaza kifo chao. Walikuwa wafungwa, na mufungwa akikufa, yule aliyemufunga njo anapashwa kujibu.

Muji wetu wenyewe, wakati ule ukiitwa Jadotville, ulimuona Lumumba mufungwa. Mu Januari 1960 Wabelgiji walimuleta mu gereza la hapa. Hakukaa: kiisha siku chache wakamufungua aende Bruxelles ku mikutano ya Meza ya Duara. Mwaka moja nyuma yake, akarudishwa Katanga mikono imefungwa kamba. Ndeke ilimushusha Élisabethville tarehe 17 Januari, na usiku uleule alikuwa amekwisha kufa.

Sasa hesabu siku. Alikufa tarehe 17 Januari. Tangazo lilitoka tarehe 13 Februari. Siku 27. Kwa wiki tatu na zaidi serikali ya Katanga ilijifanya kama wafungwa wako wazima. Tarehe 10 Februari ikasema wametoroka. Siku tatu kiisha, waziri wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wanakijiji wamewaua. Kijiji gani? Alikataa kukitaja. Kaburi liko wapi? Alikataa vilevile. Lakini zawadi ya wanakijiji aliitaja: franka 400.000. Akawaambia waandishi wa habari kwamba anajua serikali yake itashitakiwa mauaji, na mwenye kushitaki alete ushahidi.

Ushahidi ungetoka wapi? Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, pamoja na musaidizi wake, walikuwa wamekwisha kukata maiti na kuiyeyusha mu asidi. Na karatasi ya kifo ilitiwa sahihi na daktari Mbelgiji. Angalieni vizuri hapo: ule uongo haukutoka mu kinywa cha waziri peke yake. Ulihitaji polisi wa kuharibu mwili na daktari wa kushika kalamu.

Mu Novemba 1961 tume ya Umoja wa Mataifa ilikataa hadithi ya kutoroka. Bunge la Ubelgiji lilichunguza na kutoa raporo yake 2001. Jino moja, kitu pekee kilichobakia, lilirudishwa kwa jamaa mu Juni 2022, likapitishwa Shilatembo, likazikwa Kinshasa. Miaka 61 watoto walingoja kuzika baba yao.

Mutasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, mutetezi wa haki, aliitika mwito ku makao makuu ya polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya motokari yake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Jamaa yake walifanya kilio bila maiti.

Kiisha kuko Makala. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoroka. Waziri Jacquemain Shabani alitangaza wafu 129, kati yao 24 kwa risasi, wengine kwa kusongamana na kukosa hewa, na majeruhi 59. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1.500, na lilikuwa na zaidi ya 10.000. Tukubali: safari hii Leta haikungoja siku 27. Lakini tangazo lilikuwa na hesabu tu. Mama anayetafuta mutoto wake atajuaje kama yuko ndani ya ile 129?

Siye wa agronomi, mu pepinieri, muche ukikauka tunaandika tarehe, mustari wake na sababu. Ukiandika tu "miche 129 imekufa", profesa atakurudishia kazi yako. Mutu ashindwe na muche?

Marekani ina sheria inayolomba majimbo kuandika kila kifo cha mufungwa: jina, tarehe, saa, mahali, idara iliyomushika na namna alikufa. Hata kule kuko mashimo: 2022 Seneti ilionyesha vifo karibu 1.000 vya 2021 ambavyo havikuhesabiwa. Lakini kwa sababu sheria iko, watu waliweza kuhesabu kinachokosekana. Kwetu, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema polisi wasimushike mutu kupita masaa 48 bila kumupeleka mbele ya haki, na kwamba kila mufungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake. Maneno ni mazuri. Kinachobakia ni daftari.

Na daftari lile tutaandika siye. Ninyi wa medisini, siku moja mutaletewa karatasi ya kifo cha mutu aliyetoka mu buloko. Ninyi wa sheria mutalombwa kufunga dosie. Ulizeni jina, saa, mahali na sababu. Ombeni kuona mwili. Wakikataa kuwaonyesha, musitie sahihi.