Nani alifikiwa kwanza na shule Mbulu na Hanang

Matokeo ya mtihani wa darasa la saba hupima pia umbali wa mtoto kutoka shuleni, na katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania umbali huo una historia. Wamisionari Wakatoliki walijenga katika nyanda za juu, kwa Wairaki waliolima na kukaa mahali pamoja. Wabarabaig wa tambarare za Hanang walihama na ng'ombe wao kufuata maji na malisho. Kiangazi kilipoingia, dawati la mtoto lilibaki tupu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, waishio kwa asali, mizizi na nyama ya porini, ndio waliokuwa mbali zaidi.

Wapo wasemao kikwazo ni lugha tu. Kweli, lugha inaumiza: mtoto wa darasa la kwanza huambiwa "fungua daftari" kwa Kiswahili ambacho hakisikii nyumbani. Lakini Kiiraki nacho ni cha Kikushi, wala hakina undugu na Kiswahili, na bado Wairaki walitoa walimu na mapadri mapema. Kilichowatofautisha ni makazi ya kudumu karibu na darasa. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 uliongeza madarasa, na kufutwa kwa ada ya msingi mwaka 2001 kukaongeza watoto. Kalenda ya masomo, hata hivyo, haikuwahi kupangwa kwa kufuata nyayo za mifugo.