Nani Alimsikiliza Mwanafunzi? Historia Fupi ya Ushauri Nasaha katika Shule za Sekondari za Kenya



Wapendwa waamini, muhula unapoanza kila nyumba huhesabu godoro, sanduku la chuma, sabuni, sare na karo. Mtoto naye huondoka na mzigo mwingine usioandikwa katika orodha ya shule: hofu, huzuni, ugomvi alioushuhudia nyumbani, aibu asiyoweza kuitaja. Jambo hili Serikali ya Kenya ililitambua zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka wa 1971 Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo cha mwongozo na ushauri, na Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ikahimiza huduma hiyo iimarishwe shuleni. Kwa hiyo wazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye nafasi ya kulitekeleza.

Mara nyingi kazi hiyo ilimwangukia mwalimu wa somo fulani, mwenye vipindi vyake vyote na rundo la madaftari ya kusahihisha, ambaye aliambiwa tu na mkuu wa shule kwamba tangu siku ile yeye ndiye mshauri. Mafunzo yake, kama aliyapata, yalikuwa ya semina ya siku chache. Mahali pa kusikilizia palikuwa chumba cha walimu, ambamo siri ya mwanafunzi ilisikiwa na meza ya pili. Na mwalimu yule yule, kesho yake asubuhi, aliweza kuwa ndiye anayeshika kiboko. Sisi mapadre tunaijua thamani ya muhuri wa kitubio. Tunaelewa kwa nini mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu atakayemchapa.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana waliokataa kuungana nao katika mgomo. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi walibakwa. Taifa liliduwaa. Mwaka huo huo kamati ya rais chini ya Lawrence Sagini iliketi kuchunguza ghasia za wanafunzi. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la Bombolulu, Pwani. Mwaka wa 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala.

Halafu ikaja Kyanguli, Machakos. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 bweni lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walipoteza maisha. Ilielezwa baadaye kwamba shuleni kulikuwa na hasira kwa sababu ya matokeo ya mtihani wa kitaifa yaliyofutwa, na manung'uniko kuhusu karo.

Wapo watakaosema kwamba kuchoma bweni ni uhalifu, nasi tusiuite ugonjwa wa moyo. Ni uhalifu, na aliyeutenda hujibu mbele ya sheria. Lakini hasira ya shule nzima haizaliwi usiku mmoja. Kati ya kufutwa kwa mtihani na kununuliwa kwa petroli zipo siku, na katika siku hizo wapo watoto wanaojua, wanaoogopa na wasiokuwa na mtu wa kumwendea.

Mwaka huo huo wa 2001 Serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likatoa ripoti ndefu kuhusu nidhamu na ghasia. Kwa maoni yangu marufuku ile ilikuwa ya haki, ila ilifanywa nusu. Kiboko kiliondolewa kabla ya kumwandaa mtu wa kukaa mahali pake, na walimu wengi waliachwa mikono mitupu. Mawimbi ya migomo na mioto yalirudi mwaka wa 2008 na tena 2016, na kila mara kamati mpya ilipendekeza tena ushauri nasaha. Septemba 2017 moto katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi, uliwaua wanafunzi 10. Mahakama ilielezwa kwamba msichana aliyepatikana na hatia hakutaka kuendelea kusoma pale. Neno hilo lilijulikana kortini, baada ya mazishi.

Na familia je? Nyumba zetu zilifundishwa kunyamaza. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, urithi wa ukoloni, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mzazi aliyemwokoa mwanawe alikuwa na sababu ya kuwaficha daktari na mwalimu yaliyotokea. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, juzi tu. Kanisa nalo lina sehemu yake katika ukimya huo. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1917 ziliwanyima maziko ya kikanisa waliojiua kwa kusudi. Katika sheria za mwaka wa 1983 hawatajwi tena miongoni mwa wanaonyimwa, na Katekisimu ya mwaka wa 1992 inakiri kwamba maradhi ya nafsi hupunguza wajibu wa mtu, nasi tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Bado nasikia katika matanga watu wakinong'ona kana kwamba tuko mwaka wa 1917.

Limebaki jambo moja linaloihusu parokia moja kwa moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, ambayo inazihusu pia shule za sekondari, inampa mfadhili wa shule haki ya kushauri katika malezi ya kiroho, pamoja na kuteua wahudumu wa kiroho shuleni kwa gharama yake mwenyewe. Tumeipenda sana sehemu ya kwanza. Tunapotea mkuu wa shule anapobadilishwa tupo wa kwanza kupaza sauti. Ile ya gharama hatujaisoma kwa sauti. Nimeomba iwekwe katika ajenda ya kikao kijacho cha baraza la parokia, pamoja na swali la nani atalipiwa mafunzo ya kweli ya ushauri ili aketi shuleni, katika chumba chenye mlango unaofungika.

Wakati huo huo, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Wazazi, iandikeni ndani ya kifuniko cha sanduku.