Usiku wa Rufaro

Juzi nilikuwa Chiwata, wilayani Masasi. Nilifuata habari za korosho. Nimerudi na habari za Bob Marley.

Karibu na kibanda cha kuchajia simu, vijana wa bodaboda walikuwa wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama onyesho la Bob Marley na Wailers katika uwanja wa Rufaro, Zimbabwe, Aprili 1980. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa wakati huo. Picha zenyewe si safi, na zimekatikakatika. Ipo filamu nyingine ya mwimbaji huyo huyo iliyopigwa vizuri zaidi, ile ya ukumbi wa Rainbow, London, Juni 1977. Sisi tuliokulia enzi za mabanda ya video tuliitazama hadi mkanda ukaanza kukwaruza, jenereta linanguruma nje, na mwenye banda akituhimiza tutoke ili wengine waingie. Vijana wale wanayo hiyo pia. Lakini waliyokuwa wakiirudia ni ya Rufaro.

Hebu tukumbushane. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, katika mji uliokuwa bado unaitwa Salisbury, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Zimbabwe ikapandishwa. Mwanamfalme Charles alikuwapo, Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, alikuwapo, na Robert Mugabe ndiye aliyekuwa akikabidhiwa serikali. Marley alialikwa kwa sababu ya wimbo wake uitwao Zimbabwe, uliotoka mwaka 1979 katika sahani ya Survival, ambayo jalada lake limepambwa bendera za nchi za Afrika, yetu ikiwamo. Vyombo vya muziki alivisafirisha kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea. Uwanjani waliingizwa waalikwa. Nje ya mageti walibaki wananchi wa kawaida, na miongoni mwao wapiganaji waliotoka msituni. Muziki ulipoanza wakasukuma mageti. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na moshi ukavuma hadi jukwaani. Onyesho likasimama, wanamuziki wakakimbia kujificha, kisha baada ya muda wakarudi wakaendelea. Kesho yake Marley akapiga tena, safari hii kwa wananchi wote, bila kiingilio. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Mei 1981, akafariki kwa saratani akiwa na miaka 36.

Yapo maonyesho mengi ya rege yaliyopigwa picha, na mengi yanasahaulika. Hili linadumu, kwa maoni yangu, kwa sababu ya geti lile. Kila anayetazama anajiuliza yeye angekuwa upande gani.

Na huku kusini swali hilo lina uzito wake. Kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Wapiganaji walipita njia hizi kwenda Ruvuma, na vijiji vya kando ya mto huo vikaonja mashambulizi ya Wareno. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, mlango ulizidi kufunguka kwa wapiganaji wa Zimbabwe, ambao wengi wao walikuwa wamefunzwa hapa hapa nchini, Mgagao, mkoani Iringa. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Na Aprili 1980 Waziri wetu wa Mambo ya Nchi za Nje alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi.

Kwa sisi watu wa redio kuna jingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ilivipa vyama vya ukombozi muda wa kutangaza kwa watu wao. Sauti ilitoka kwetu. Lakini picha hatukuwa nazo: Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo uhuru wa Zimbabwe tuliusikia redioni, na wengi wetu tumekuja kuuona miaka mingi baadaye, kwenye kioo kidogo kisichozidi kiganja.

Alipita mzee mmoja, baiskeli mkononi. Vijana wakamwamkia, akauliza wanatazama nini. Nikamweleza. Akaniambia kwamba ujanani alibeba mizigo ya wapigania uhuru kwa miguu kuelekea Ruvuma, usiku, bila tochi. Nikamsimulia habari ya geti na moshi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao waliopigana, walikuwa ndani au nje?"

Nikamwambia kuwa wengine wao walikuwa nje.

"Na huyo mwimbaji alijua?"

Nikamjibu kwamba nadhani alijua, maana kesho yake alirudi akawapigia. Mzee akaegemeza baiskeli kwenye mti, akasogea, akavuta kigoda. Alimwambia kijana mwenye simu airudishe mwanzo, na kwamba yeye muziki hautaki sana, anataka kuziona sura za watu. Kijana akasema chaji inakaribia kwisha. Mwenye kibanda, ambaye siku nzima alikuwa akidai hela yake kwanza, akaupitisha waya dirishani bila kusema neno.