Habari za Ndege Wageni

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukifika, mbayuwayu huja kuruka juu ya mashamba ya mpunga ya Ifakara, na mvua kubwa zikiwa karibu kwisha huwa wamekwenda zao. Watu wa Ulaya nao, zamani, waliwaona wakitoweka, wakadhani hulala matopeni chini ya maji wakati wa baridi.

Hata mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, akauawa korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika. Korongo huyo yungali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 Mortensen, mwalimu wa shule wa Denmark, alianza kuwavisha kwezi pete zenye namba. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete Uingereza. Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, na habari zikapelekwa kwa barua.

Je, barua ile isingaliandikwa, nani angalijua? Basi, ndugu wasomaji, wenzetu huona nusu ya safari, nasi wa Kilombero nusu ya pili. Ukiona pete mguuni mwa ndege, andika namba, siku na mahali, upeleke habari.