Jeraha la Ligamenti za Goti na Historia ya Tiba Yake

Goti la mwanadamu linashikiliwa na ligamenti kuu nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Mbili zilizobaki zimo ndani kabisa ya kiungo, zimepishana kama herufi X, na kwa sababu hiyo huitwa ligamenti msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, tena huuzuia usijizungushe kupita kiasi. Hiyo ndiyo inayowaweka wanamichezo nje ya uwanja msimu mzima, na historia ya tiba ya goti kwa sehemu kubwa ni historia yake.

Galen wa Pergamon, mji uliokuwa katika nchi ya Uturuki ya leo, aliwatibu magladieta katika karne ya 2. Yeye ndiye anayetajwa kuzipa ligamenti hizo jina la msalaba, na alitambua kwamba kazi yake ni kukiimarisha kiungo. Baada yake karne nyingi zilipita bila nyongeza ya maana. Mwaka 1836 ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Eduard Weber, mmoja mwanafizikia na mwingine mwanaanatomia, walichapisha kitabu kuhusu namna miguu inavyofanya kazi mtu anapotembea. Walizichunguza ligamenti katika magoti ya maiti, wakaeleza jinsi mifupa inavyoteleza mbele na nyuma pindi zinapokatwa.

Aliyeyaleta maarifa hayo karibu na mgonjwa ni Amédée Bonnet wa Lyon, Ufaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu magonjwa ya viungo alitaja dalili za ligamenti iliyokatika: sauti ya kitu kukatika ndani ya goti, goti kujaa damu, na mguu kushindwa kazi yake. Dalili hizo bado ndizo za kwanza kuulizwa. Ligamenti msalaba ina mishipa ya damu, kwa hiyo ikichanika huvujia ndani ya kiungo na goti huvimba katika saa chache. Uvimbe unaojitokeza polepole, labda siku ya pili, humfanya daktari aifikirie zaidi gegedu. Maumivu ya mwanzo yakipoa, hubaki dalili moja inayoelezwa na wagonjwa wengi: goti linakubali mwendo wa moja kwa moja, lakini mtu akigeuka ghafla linamwachia.

Mwaka 1875 Georgios Noulis, Mgiriki aliyesomea Paris, alieleza katika tasnifu yake kipimo kisichohitaji chombo chochote. Goti hukunjwa kidogo tu. Mkono mmoja hushika paja, mwingine huuvuta muundi kwenda mbele. Mfupa ukisogea bila kukutana na kizuizi, ligamenti ya mbele imekatika. Tasnifu hiyo ikasahauliwa. Kwa karibu miaka 100 madaktari wengi walitegemea kipimo kingine, cha kulikunja goti hadi nyuzi 90. Katika mkao huo misuli ya nyuma ya paja ikijikaza hulishikilia goti, na jeraha hujificha. Kipimo cha Noulis kilirudi mwaka 1976, pale Joseph Torg na wenzake wa Philadelphia walipoandika kuhusu njia waliyojifunza kwa mwalimu wao, John Lachman. Leo kinaitwa kwa jina la Lachman, na Noulis alistahili sifa zaidi ya anayopewa. Mfaransa Paul Segond naye alieleza mwaka 1879 kipande kidogo cha mfupa kinachobanduka upande wa nje wa muundi, miaka 16 kabla ya kugunduliwa kwa eksirei. Kipande hicho kikionekana katika picha leo, ligamenti msalaba ya mbele hushukiwa mara moja.

Upasuaji ulianza mwaka 1895 mjini Leeds, Uingereza, ambako Arthur Mayo-Robson alizishona ligamenti msalaba za mchimba madini. Hata hivyo, kushona peke yake hakukutosha. Majimaji ya goti huzuia donge la damu lisiziunganishe ncha mbili zilizokatika, na bila donge hilo kovu halipati pa kuanzia. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol alifuata njia nyingine: alichukua utepe wa tishu ngumu ya upande wa nje wa paja, akaupitisha katika matundu aliyotoboa mifupani ili ushike nafasi ya ligamenti. Msingi huo wa kupandikiza ndio unaotumika hadi sasa, ingawa leo huchukuliwa zaidi kano ya chini ya pia ya goti au kano za misuli ya nyuma ya paja. Ligamenti bandia za miaka ya 1970 na 1980 zilivunja matumaini. Nyingi zilikatika, na chembe zake ziliyachokoza magoti yakawa yanavimba. Kamera ndogo iliyoendelezwa na Masaki Watanabe wa Tokyo ilipunguza ukubwa wa vidonda, na mwaka 1980 David Dandy wa Uingereza aliitumia kujenga upya ligamenti ya mbele.

Uuguzi baada ya upasuaji ndio uliochelewa kuliko yote. Kwa miongo mingi mgonjwa alifungwa hogo kwa wiki kadhaa. Lilipotolewa, paja lilikuwa limenyauka na goti limekakamaa. Mwaka 1990 Donald Shelbourne na Paul Nitz wa Indianapolis waliandika kwamba wagonjwa waliokaidi masharti, wakatembea na kukunja goti mapema, walipona vizuri kuliko watiifu. Tangu hapo kazi huanza siku za mwanzo kabisa: kulinyoosha goti lote, kupunguza uvimbe, kuurudishia nguvu msuli wa mbele ya paja, kisha kukimbia, kuruka na kugeuka. Haraka ya kurejea uwanjani ina gharama, kwa sababu kano iliyopandikizwa huhitaji miezi mingi kugeuka kuwa ligamenti. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia tena.

Si kila goti linahitaji kisu. Ligamenti ya pembeni upande wa ndani kwa kawaida hupona kwa kifaa cha kulishikilia goti na mazoezi. Hata kwa ligamenti msalaba ya mbele, utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121. Kati ya 59 walioanza na mazoezi pekee, 23 tu walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa ligamenti hiyo baada ya miaka miwili, na hali ya kundi hilo ililingana na ya wale waliopasuliwa mapema.

Picha ya eksirei haionyeshi ligamenti, kwa hiyo kuambiwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika si kuambiwa kwamba goti ni zima. Goti lililotoa sauti na kuvimba siku ileile lisikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa nguvu. Lipelekwe kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kulipima kwa mikono, hata pale ambapo mashine ya MRI haipo.