Kibiongo cha Mtoto na Picha Inayochelewa



Naandika kama mwanahistoria, si tabibu, kwa hiyo mnivumilie. Wengi wetu tukisikia kifua kikuu tunafikiria kikohozi tu. Kumbe kijidudu chake husafiri ndani ya damu kikafikia pingili za mgongo, nyonga au goti, na mtoto akaota kibiongo bila ya kukohoa hata siku moja.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Mwaka 1910 wataalamu walieleza maiti iliyohifadhiwa ya Nesperehan, kuhani wa Amun huko Misri, yenye mgongo uliopinda na alama za jipu kubwa. Mwaka 1779 Percivall Pott wa London aliandika jinsi kibiongo kinavyofuatana na kupooza miguu, na mpaka leo maradhi hayo ya mgongo yanaitwa kwa jina lake. Lakini Pott alikuwa na macho na mikono tu. Koch akaonyesha kijidudu mwaka 1882, Röntgen akagundua eksirei mwaka 1895. Ungedhani kazi imekwisha. Wapi!

Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa ulioliwa tayari. Mfupa hupoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo doa lionekane vizuri. Na kwa mtoto mdogo sehemu kubwa ya kiungo bado ni gegedu, ambayo eksirei haiioni. Mwaka 1933 Phemister na Hatcher wa Chicago walilinganisha picha na viungo vyenyewe. Dalili tatu zinazobeba jina la Phemister bado zinafundishwa: mfupa kufifia karibu na kiungo, kingo zake kumeguka, na nafasi ya kiungo kupungua polepole. Ni dalili za kweli, ila zikitimia zote tatu, mtoto keshaumia.

Enzi hizo tiba ilikuwa kulazwa juani miezi na miaka, kama kwa Rollier huko Leysin, Uswisi, kuanzia 1903. Kisha ikaja streptomaisini mwaka 1943, na dawa nyingine baadaye. Majaribio ya Waingereza huko Korea, yaliyoanza miaka ya 1960, yakaonyesha kwamba mgonjwa wa mgongo anayemeza dawa zake sawasawa hana haja ya kulazwa kitandani miezi sita.

Hapo ndipo kuwahi kuona kulipopata thamani yake kamili, kwani dawa huua kijidudu lakini hainyooshi mgongo. Tena kwa mtoto anayekua, kibiongo kinaweza kuzidi hata baada ya kupona.

CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971 huko London, na MRI ikaenea hospitalini miaka ya 1980. MRI huona uvimbe ndani ya uboho, usaha, na uti wa mgongo unaobanwa, kabla pingili haijaporomoka, tena bila mionzi ya eksirei. Altrasaundi, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana, huonyesha maji ndani ya kiungo na jipu baridi, na huongoza sindano ya kuchukua sampuli. Sampuli ni lazima pale inapowezekana, maana picha haitaji jina la kijidudu. Kwa kazi hiyo siku hizi kuna GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010.

Sasa tuje kwetu. MRI bado ziko zaidi miji mikubwa, na gharama zake mnazijua. Mtoto akiumwa mgongo tunasema ati alianguka, akipigwa eksirei ikatoka safi tunarudi nyumbani tumeridhika. Historia hii inatuambia eksirei safi ya mwanzo haitoshi. Mtoto anayeumwa mgongo au kuchechemea kwa wiki kadhaa, anayekataa kuinama, anayeamka usiku akilia, arudishwe hospitali, apimwe tena, na aulizwe kama nyumbani kuna mwenye kikohozi kisichoisha. Waelezeni hivyo jamaa mnapopiga simu nyumbani.

Wasalaam.